Kiuno Changu na Suruali za Bendi ya Zimamoto

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imeingia karakanani leo. Imewekwa wapi? Juu ya meza yangu! Meza ya kukatia, ile ya dirishani. Nimeiinamia meza hiyo tangu bosi wetu akiwa anatambaa chini yake, anaokota pini na kuzitia mdomoni. Nani alizitoa? Mimi. Leo ananiambia, Baba mdogo, hebu sogeza mkasi kidogo.

Bosi ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Karakana ameirithi kwa baba yake. Ulimi ameurithi kwa shangazi zake.

Kazi kubwa imepatikana. Suruali za bendi ya zimamoto, za samawati, mstari mwekundu pembeni. Wanabendi wamepimwa leo, vipimo vimetiwa kwenye kompyuta. Sasa eti kompyuta itatoa kadi ya kila mtu, na kadi itasema kata hapa, acha pale. Kadi ya nini? Mimi nikimwona mtu anavuka barabara nakutajia kiuno chake, paja lake, na kama asubuhi aligombana na mkewe.

Bosi akatangaza mbele ya wote. Atakayekata kwa kadi ndiye mwenye meza. Asiyeweza atakuwa mshauri wa karakana. Kiti cha mshauri kipo tayari, mlangoni, karibu na miavuli.

Mshauri! Yaani mtu aliyenyang'anywa mkasi kwa heshima.

Chaki akanyoosha kidole haraka kama mtoto wa darasa la kwanza, akasema kadi hazimshindi. Huyu Chaki ni msaidizi wangu. Nywele zake nazo zimeshaanza mvi. Nilimfundisha kila kitu, adabu nikaisahau.

Naandika humu ili ushahidi uwepo. Meza haitoki mkononi mwangu. Watatoka wao.

Jumanne, 4 Machi

Ha! Mashine imeumbuka!

Aliyeileta ni binti mmoja mwenye miwani, mla karanga. Maganda yote juu ya meza yangu. Asubuhi akabonyeza, printa ikakohoa, kadi zikatoka. Kadi ya kwanza imeandikwa: kata kiuno cha MTEJA, gawa kwa nne, ongeza mshono. Ya pili hivyo hivyo. Zote hivyo hivyo! Namba hakuna. Nikamwambia Chaki haya, si kadi hazikushindi? Mkatie Bwana Mteja suruali yake, anasubiri nje. Watu walicheka mpaka cherehani zikasimama.

Binti hakununa. Akanieleza taratibu, babu hivi, babu vile. Kwamba MTEJA si mtu. Ni kama ile sanamu yetu ya dirishani, leo imevaa koti la bwana harusi, kesho gauni la mwalimu, yenyewe haina mwili wa kudai. Ukichagua jina la mtu, mashine inaling'oa neno MTEJA na kupachika kipimo cha huyo mtu mahali pake. Kitu cha namna hiyo wanakiita kigeu. Nikamjibu kwamba kwangu mimi mtu wa kugeuka-geuka hapewi hata ufunguo wa choo. Akacheka. Akasema kosa ni lake, amelifunga lile neno kama maandishi ya kusomwa, basi mashine ikalisoma badala ya kulibadilisha. Akafuta kidogo hapa, akachokonoa pale, akarusha karanga mdomoni. Ikakubali.

Sasa ajaribu kwa jina gani? Kuna bendi nzima humo ndani. Kuna watoto wa chekechea tuliowashonea mwaka jana, vipimo vyao vimetolewa kwenye daftari la zamani. Akachagua mimi! Jana alinipima nikadhani ni heshima.

Kadi ikatoka. Kiuno: 42.

Mama wa vifungo, yule anayevishona hapa kwetu, akacheka hadi akajichoma sindano. Safi sana.

Arobaini na mbili! Mimi! Kiuno changu ni thelathini na mbili tangu siku ya harusi yangu. Na suruali ya harusi bado naivaa, ninayo hapa mwilini ninavyoandika. Koti lake ndilo liliibwa zamani, sijui na nani. Suruali inanikaa kama siku ile. Nyuma ina ukanda ambao rangi yake imekolea kuliko kwingine. Ni jua tu. Limepiga huku, limeacha kule.

Nikamweleza binti kwamba amepitisha futi juu ya tumbo. Tumbo si kiuno. Tumbo ni jirani. Akauliza basi, babu, kiuno chenyewe kinaishi wapi? Mbele za watu!

Hili sitaliacha.

Jumatano, 5 Machi

Nimelirekebisha mwenyewe.

Saa ya chakula wote walitoka. Binti kaenda kwa mteja mwingine, kasema atarudi Jumamosi siku ya kujaribisha nguo. Kaiacha mashine inawaka. Nikavuta kiti. Herufi huwa zinanichosha, nazisoma moja moja kama mtu anayechagua mchele. Lakini namba! Namba ni ndugu zangu.

Nikaona mstari: KIUNO, alama ya sawasawa, halafu kiuno cha MTEJA. Nikajua ndipo hapo. Si mteja wa mwisho kujaribiwa alikuwa mimi? Basi huyo MTEJA ni mimi. Nikafuta maneno yote baada ya ile alama, nikaandika 32. Kidole kimoja, bila kutetemeka.

Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nimekuwa na hakika tangu babu yake mashine hajazaliwa. Nikabonyeza ndiyo.

Nikatoa kadi yangu kuthibitisha. Kiuno: 32. Haya! Kumbe ukizungumza nayo kiume inakusikia. Kadi nimeikunja, nimeitia mfukoni. Nitamwonyesha mama watoto.

Niseme ukweli, mashine hii si mbaya. Ilikosa malezi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeitetea kompyuta mbele ya karakana nzima. Mama wa vifungo aliuliza kama nina homa.

Ilikuwa hivi. Chaki alitoa kadi zote za bendi, akasimama nazo katikati ya chumba anajikuna. Akasema mpuliza tarumbeta kubwa ameandikiwa kiuno thelathini na mbili. Akasema, mzee, wewe si ulimwona Jumatatu? Yule bwana aliingia mlangoni ubavu ubavu! Tena mpiga ngoma, thelathini na mbili. Mpuliza zumari, ambaye ukimtazama unasikia njaa, naye thelathini na mbili. Urefu tofauti, mapaja tofauti, viuno vyote ndugu wa tumbo moja.

Nikaona njama. Chaki anataka kuichafulia jina namba yangu. Nikamuuliza sare ni nini. Nikamwambia ndiyo maana zinaitwa sare! Tena thelathini na mbili ni kiuno cha mwanamume aliyekamilika, na wazimamoto ni wanaume waliokamilika. Mashine imesema, kata!

Bosi akasikia kelele, akatoka chumbani kwake. Akauliza, Baba mdogo, wewe ndiye unayesema tufuate kadi? Wewe? Nikasema mimi. Akauliza nina hakika. Watu na mashine wote swali lao moja! Nikapiga meza kwa kiganja. Nikasema kama kadi zimekosea, meza hii nampa Chaki, na mimi naenda kukaa na miavuli. Bosi akasema sawa, wote wamesikia.

Na wasikie.

Chaki akakata. Anakata huku ananung'unika. Tena kila kiuno nyuma anaacha kitambaa kikubwa cha akiba ndani ya mshono, kinono kama godoro. Nikamwambia huo ni woga. Akasema ndiyo mzee, ni woga. Mtu gani huyo, hata ukimtukana hapandwi na hasira!

Jumamosi, 8 Machi

Mkono unauma, lakini nitaandika yote, maana wengine watasimulia vibaya.

Bendi ilikuja moja kwa moja kutoka mazoezini na vyombo vyao. Karakana ikajaa shaba. Mpuliza tarumbeta kubwa akaingia nyuma ya pazia na suruali yake. Tukasubiri. Tukasikia kuhema. Tukasikia kitu kama ng'ombe anayevuka tope. Akatoa kichwa, akauliza kwa upole, fundi, hii ni ya kwangu au ya mwanangu?

Ya mpiga ngoma haikupanda hata mapajani. Mpuliza zumari yeye alivaa bila shida, akajitazama kwenye kioo, akafurahi, akampigia mkubwa wake saluti. Alipoiachia, suruali ikashuka mpaka miguuni.

Bosi akampigia simu binti. Akaja mbio na karanga zake. Hakuangalia suruali hata moja. Akakaa, akachagua jina la tarumbeta: 32. La ngoma: 32. La zumari: 32. Kisha akamchagua mtoto wa chekechea, yule aliyelilia pipi tukimpima mwaka jana. 32!

Akasema mashine haiwaulizi wateja tena. Kuna mtu amemtoa MTEJA mahali pake, akaweka namba moja isiyogeuka. Ni kama sanamu imeota mwili wake mwenyewe, kila nguo inakatwa kwa mwili huo. Akavua miwani, akatugeukia. Akauliza, humu ndani, ni nani mwenye kiuno cha thelathini na mbili?

Sasa jamani. Uniulize swali kama hilo, mbele ya umati, mbele ya bendi!

Nikasimama. Nikasema, mimi!

Bosi akafunika uso kwa mikono miwili.

Nikaeleza kwamba sikumgusa mtu. Nilirekebisha namba yangu tu, kama raia yeyote. Binti akasema namba yangu imehifadhiwa kwenye jina langu, kule ndani, na bado ni arobaini na mbili. Nilipoandika mimi ni mahali pa watu wote. Nikamwambia basi watu wote wamebahatika.

Bosi hakupiga kelele. Heri angepiga. Akachukua ile suruali ya tarumbeta, akanipa mikononi. Akasema, Baba mdogo, hii imekatwa kiuno chako. Ikikutosha, meza ni yako mpaka siku utakayoutupa mkasi mwenyewe.

Nani anaogopa? Nikaingia nyuma ya pazia. Sitasema kilichotokea humo. Kulikuwa na mvutano. Lakini nilitoka, na kifungo kilikuwa kimefungwa! Kimefungwa, nasema! Nikatembea mpaka dirishani, nikageuka, nikarudi. Kupumua ni tabia tu, mtu anaweza kuiacha. Mpiga ngoma akashikwa na msisimko, akaanza kupiga vijiti taratibu, trrrrr. Chaki alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote.

Bosi akasema vizuri sana. Sasa tamka tu kiuno chako, wote tusikie.

Nikasema, thelathini na.

Kifungo kikaruka. Kikapita sikioni mwa mama wa vifungo, kikatua katikati ya ngoma. Pum! Mpiga ngoma akasema tangu aanze kazi hajapata mdundo safi kama huo.

Nikasema kifungo kilishonwa vibaya. Mama wa vifungo akasema kifungo kile angekining'inizia trekta. Hatusemeshani.

Bosi alikuwa anatazama rundo la kitambaa cha watu, na rangi imemtoka. Nilimwona vile mara moja tu, akiwa mdogo, siku ya pini. Ndipo Chaki akafumua mshono mmoja wa nyuma, polepole. Ile akiba yake nono ikafunguka. Akafumua mwingine. Akasema zote zitatanuliwa, na ya zumari itapunguzwa, Jumatatu watu wachukue nguo zao. Bosi akakaa chini pu! Akamuuliza nani alimwambia aache kitambaa kingi namna hiyo. Chaki akasema ni mzee. Zamani, nikiwa namfundisha, nilimwambia asimwamini mtu yeyote anapoulizwa habari za tumbo lake.

Wote wakanitazama.

Basi ni nani ameiokoa kazi ya zimamoto? Nimeandika hapa kwa wino. Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Nimemsimulia mama watoto, nikitegemea walau nyumbani nitapata wa upande wangu. Nikamwonyesha na ile kadi ya mfukoni. Alicheka akakalia ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Alipomaliza akaniambia nivue suruali ya harusi. Akaigeuza ndani nje, akaonyesha ule ukanda wa nyuma. Akasema mume wangu, hili si jua. Hiki ni kitambaa. Nimekitia mimi. Cha kwanza nilikitia nilipojifungua mtoto wa pili, maana wewe ndiye uliyekuwa unanenepa. Tangu hapo kila ukibanwa naongeza kidogo, ukilala.

Nikamuuliza kitambaa cha rangi ile ile alikipata wapi, maana kiwanda chake kilishafungwa. Akanitazama. Akasema, wewe unadhani koti lilikwenda wapi?

Nimeuchunguza mshono ule kwenye mwanga wa mlango. Ni mshono mzuri. Mdogo, ulionyooka, hauvuti. Mshono kama huo ni wangu tu hapa mjini. Kwa hiyo haiwezekani ni wa kwake. Mke wangu ameanza kuchanganya mambo. Umri, maskini. Sikutaka kumwumiza, nikasema asante.

Koti liliibwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda mlangoni. Kiti kifupi mguu mmoja. Kila anayeingia ananikabidhi mwavuli. Mmoja kanipa na mtoto nimshikie.

Nimetanua viuno magotini, mimi upande huu, Chaki upande ule. Nilitanua vingi kuliko yeye. Bendi ikaja, ikavaa, ikapiga wimbo humo humo ndani mpaka vioo vikalia. Tarumbeta kubwa alinikumbatia. Alivyonikumbatia nikapima. Kadi ya sasa imempunguzia nusu inchi. Sikusema.

Jioni bosi akaja akakaa sakafuni karibu na kiti changu, kama alivyokaa zamani. Akasema hawezi kuingia kazini kila siku akinikuta na miavuli, moyo hauvumilii. Tena Chaki mwenyewe kakataa meza. Kasema hawezi kukata huku anahisi macho yangu kisogoni. Meza ni yangu.

Nilikuwa nimeshainuka!

Akanishika shati. Sharti lipo moja. Mkata nguo lazima afungue kadi mwenyewe kila asubuhi, maana ndiyo kazi ya sasa. Na binti ameitia mashine kufuli. Inataka neno la siri. Si neno, ni namba tu, namba moja, na kila mtu karakanani anaijua. Nikauliza namba gani. Binti akajibu kutoka dirishani, huku anatafuna, ni kiuno chako, babu, kile cha kweli. Nikiiandika mara moja tu kwa mkono wangu, meza na mkasi vinanisubiri.

Bosi hakucheka. Akasema, Baba mdogo, ni namba tu. Hakuna atakayekuwa anatazama.

Rahisi! Kesho asubuhi niko mezani.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika kabla ya wote. Meza imefutwa. Mkasi wangu upo juu yake, umepakwa mafuta. Ni Chaki huyo. Maganda ya karanga hakuna hata moja.

Nikakaa. Kisanduku cha neno la siri kikatokea, kinapepesa. Nikaandika 32.

Ikakataa.

Nikafuta vumbi kwenye kibodi. Nikaandika 32. Ikakataa. Nikasimama, nikavuta tumbo ndani, nikaandika 32. Ikasema nimekosea mara nyingi, nisubiri.

Nimesubiri. Mama wa vifungo kapita nyuma yangu, akasahau kwamba hatusemeshani, akaninong'oneza arobaini na. Nikaziba masikio. Chaki kapita, kajifanya anatafuta rula, kaandika kitu kwa chaki pembeni ya meza yangu, mbele kabisa ya macho. Nimekifuta kwa kiwiko kabla sijakisoma. Bosi kachungulia kutoka chumbani kwake. Kafunga mlango polepole.

Baada ya chakula nilikubali kulegeza, kwa heshima ya marehemu kaka. Nikaandika thelathini na mbili na nusu.

Ikakataa! Haina hata shukrani.

Naandika haya kwenye kiti cha mlangoni, miavuli miwili magotini. Kutoka hapa naiona meza vizuri, hakuna anayeigusa. Kesho narudi mapema zaidi. Mashine ile haina mke, haina mjukuu, haina pa kwenda. Mimi nimewachosha watu wagumu kuliko yeye. Itachoka, itafungua yenyewe, na ikifungua itakuta nimekaa pale pale, nimevaa suruali yangu ya harusi.

Thelathini na mbili.